Kikanisa cha Mpala: nyumba ya Mungu iliyojengwa na waliokimbia

Nawasalimu ninyi jamaa mlioacha nyumba na mashamba yenu juu ya vita, na ninyi machefu na wazee wa vijiji mliowapokea. Katika mikutano yetu kuna swali linalorudi kila mara: nani ni mwenyeji hapa, na nani ni mgeni? Swali hilo linaulizwa kisimani, linaulizwa shambani, siku hizi linaulizwa hata kwenye benchi la kanisa, wakati mama aliyefika juzi anapokaa mahali ambapo mama mwingine amezoea kukaa. Mimi nimesoma sheria, na mtu wa sheria hukimbilia vifungu. Leo vifungu vingoje kidogo. Nataka tutazame historia ya parokia moja ndogo ya kwetu Tanganyika, ambayo sala zake zilianza mwaka 1885, kwa hiyo mwaka 2025 zilitimiza miaka 140. Naizungumzia Mpala.

Wale wanaopita na mitumbwi kati ya Kalemie na Moba wanapafahamu. Ni kwenye mdomo wa mto Lufuko, unapoingia ziwani. Ng'ambo, karibu uso kwa uso, ni Karema ya Tanzania. Mahali hapo pana jina la chefu wa Watabwa, Mpala mwenyewe, ambaye mwaka 1883 alipokea mgeni mmoja Mbelgiji, Luteni Émile Storms. Storms alikuwa ametumwa na chama cha mfalme Leopold wa Pili, kile kilichojiita cha kimataifa. Yeye na Mpala wakachanjiana damu, wakawa ndugu kwa desturi ya nchi. Kisha Storms akajenga boma.

Kabla ya kuingia bomani tukumbuke miaka ile ilikuwa ya namna gani. Misafara ya watumwa ilivuka ziwa kwenda Ujiji, na kutoka Ujiji kwenda pwani ya bahari ya Hindi. Bunduki zilikuwa zimeingia. Mtu aliyekuwa na bunduki ishirini aliweza kuvunja kijiji cha watu mia tatu kwa asubuhi moja. Watu walipanda milimani Marungu, walijificha mapangoni, walilima usiku. Mtoto aliyepotea njiani hakutafutwa, maana aliyepaswa kumtafuta naye alikuwa anakimbia. Ninyi mnaonisikiliza kutoka kambini hamhitaji nieleze zaidi.

Storms alisema amekuja kuleta utulivu. Lakini kulikuwa na chefu mwingine, Lusinga, mwenye nguvu kuliko Mpala, ambaye hakukubali kuinama. Lusinga naye hakuwa malaika, alishiriki katika biashara ya watu. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walimwua kijijini kwake na kukata kichwa chake. Vijiji vikachomwa, na wengine wakachukuliwa mateka. Fuvu la Lusinga likasafiri hadi Ubelgiji. Baada ya hapo machefu wa jirani walikuja mmoja mmoja kutoa utii wao kwa Storms. Mtu wa sheria akisikia kwamba mkataba umefanywa na mtu ambaye ameona kichwa cha jirani yake kikibebwa, anajua mkataba huo una thamani gani. Kuna watu wanaosimulia historia ya Mpala na kuruka jambo hili, eti lisiharibu furaha ya kanisa. Mimi sikubaliani nao. Wajukuu wa Lusinga nao ni Wakristo, nao wanakaa kwenye mabenchi hayo hayo.

Mwaka 1885 mambo yalibadilika huko Ulaya. Baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alikuwa amepata Kongo upande wa magharibi, na vituo vya ziwani vilimgharimu bila faida. Alimwita Storms arudi, na vituo viwili, Karema na Mpala, vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mapadri hao walikuwa wamefika Ujiji tangu 1879. Walishazika wenzao wengi kwa homa, na mwaka 1881 watatu waliuawa Rumonge, katika nchi ya Burundi ya leo. Hivyo walipopewa boma lenye kuta nene hawakusita. Wakaingia, wakaishi humo, na humo ndani sala zikaanza. Ndivyo kanisa la Mpala lilivyozaliwa: ndani ya kuta za askari.

Nani aliyesali humo? Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Watu wa kwanza wa kanisa lile kwa sehemu kubwa hawakuwa wenyeji wa Mpala. Walikuwa watoto wa kukombolewa, yaani watoto ambao mapadri waliwanunua kutoka kwa misafara. Walikuwa wajane, walikuwa watumwa waliotoroka usiku, walikuwa jamaa nzima ambazo kijiji chao kilichomwa na zikasikia kwamba kwenye mdomo wa Lufuko kuna boma ambalo wawindaji wa watu wanaliogopa. Kila mmoja alikuja na lugha yake na na majina ya mizimu ya kwao. Mtoto wa miaka saba hakuweza hata kutaja kijiji chake kilikuwa mto gani. Katika hali hiyo Kiswahili kilikuwa msaada mkubwa. Mapadri wa nchi hii walikitumia kufundisha katekismu na kusalisha, na watu ambao hawakuwa na ukoo mmoja wakapata neno moja la kuitana: ndugu. Kiswahili hicho kilikuwa kimeletwa na misafara ile ile iliyowauza. Nakiri kwamba jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiri.

Tusipake rangi, hata hivyo. Kumkomboa mtoto kulikuwa kumlipa muuzaji, na muuzaji aliyelipwa anaweza kurudi na mwingine. Watu walilisema hilo hata wakati ule. Tena mtoto aliyekombolewa hakurudishwa kwao. Mara nyingi hapakuwa na kwao pa kurudi. Alilelewa misioni, akaozwa misioni, akapewa shamba la misioni, na mapadri wakawa baba zake, mahakimu wake na machefu wake kwa pamoja. Walihukumu kesi, walitoa adhabu, walipiga vita matambiko. Mtu huyo alikuwa ameponywa kamba ya shingoni, lakini bado aliishi chini ya amri ambayo hakuichagua. Mtu anaweza kushukuru na kunung'unika kwa siku moja, na naona watu wa Mpala walifanya yote mawili. Kambini nimeyasikia yote mawili katika mdomo wa mama mmoja, akipokea unga.

Na Watabwa wenyewe? Ardhi ile ilikuwa yao. Storms alikuwa amechanjiana na Mpala, lakini undugu wa damu haukusema lolote kuhusu mamia ya watu watakaofuata na majembe. Hata hivyo kadiri miaka ilivyopita, wenyeji nao waliingia katekismu, watoto wakaoana, na mpaka kati ya watu wa boma na watu wa kijiji ukafifia. Haukufifia kwa hotuba. Ulififia kwa ndoa na kwa makaburi.

Mwaka 1887 alifika Mpala Léopold Joubert, Mfaransa wa Bretagne, aliyekuwa zamani askari wa Papa. Lavigerie alikuwa amemtuma alinde misioni. Huyu ni mtu mgumu kuhukumu. Alishika bunduki, alifundisha vijana vita, alipigana na watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyetaka ziwa lote liwe lake. Miaka ya 1891 na 1892 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba msafara wa Wabelgiji ukiongozwa na kapiteni Jacques ulikuja kusaidia. Ndio walioanzisha kituo cha Albertville, jina ambalo baadaye lilihamia mahali tunapopaita leo Kalemie. Lakini Joubert hakufanya kama wengi wa wenziwe, waliopigana, wakapata nishani na kurudi kwao. Mwaka 1888 alimwoa Agnes, mwanamke Mkristo wa hapa ziwani, katika ndoa ya kanisa, mbele ya watu wote. Alizaa, alilima, alizeeka huku huku, akafa mwaka 1927 karibu na Moba akiwa kipofu. Mzungu yule alifika kama mgeni na bunduki, akazikwa kama baba mkwe wa nchi.

Ng'ambo ya pili, Karema, kulikuwa na mwingine ambaye wazee wanamtaja kwa mapenzi, Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika ziwani mwaka 1889 na akatibu watu mpaka kifo chake mwaka 1956. Hakuwa na tone la damu ya hapa. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Mwaka 1893 misioni ya Baudouinville ilianzishwa juu kule Kirungu, na askofu Roelens akafanya huko makao yake. Kanisa kubwa likajengwa huko. Mpala ikabaki parokia ndogo ya pwani. Ila jambo moja halikuondolewa: seminari ya kwanza ya eneo hili ilianzia Mpala, mwisho wa karne ile. Humo aliingia kijana wa Marungu, Stefano Kaoze. Mwaka 1910, akiwa bado seminarini, maandishi yake kuhusu fikira na mwenendo wa watu wake yalianza kuchapwa katika gazeti la Ubelgiji, wakati Wabelgiji wengi walikuwa bado wanabishana kama Mwafrika ana fikira. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri Baudouinville. Ndiye Mkongo wa kwanza kuwa padri katika nyakati zetu hizi. Baada ya vita vya pili vya dunia aliwekwa katika baraza la serikali ya koloni, akasema huko kwa niaba ya raia weusi. Alikufa mwaka 1951. Mbegu yake ilioteshwa katika boma la wakimbizi.

Sasa niwalete karibu na siku zetu. Kuanzia 1998, vita vilipofika Tanganyika, watu wa Moba, wa Mpala na wa Pweto walikuwa wao sasa wa kukimbia. Wengine walivuka ziwa hadi kambi za Kigoma, wengine walikwenda Zambia, kambi za Kala na Mwange. Huko waliitwa wageni, wakapewa kipande cha ardhi na sahani, wakajenga vikanisa vya miti na mahema na kuimba nyimbo walizofundishwa na babu zao. Mwaka 2007 walianza kurudi kwa meli kutoka Mpulungu hadi bandari ya Moba.

Na mwaka huo huo, tarehe 1 Agosti 2007, uvumi ulienea Moba kwamba meli zinaleta Wanyamulenge wapewe ardhi pale. Haikuwa kweli. Watu walitoka barabarani, ofisi za mashirika zikavamiwa, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakajeruhiwa, wafanyakazi wakaondolewa, na safari za meli zikasimamishwa. Walioadhibiwa hasa ni ndugu za wale wale walioandamana, waliokuwa wamefunga mizigo yao Zambia na sasa wakaambiwa wangoje. Nimewauliza vijana wa huko kama wanajua babu zao walifikaje ziwani. Wengi hawajui. Katekismu wanaijua kwa moyo, lakini habari ya watoto wa kukombolewa hakuna aliyewapa.

Miaka ya 2016 na 2017 ilikuwa zamu ya mapigano ya Watwa na Waluba. Maelfu walikimbilia kandokando ya Kalemie, wakalala madarasani na makanisani. Mabishano ya mwenyeji na mgeni yakaanza upya, kwa maneno yale yale.

Sasa kile kifungu nilichokiacha kingoje. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea na ya kuchagua makao yake kwa kufuata sheria, na inakataza Mkongo asilazimishwe kukaa nje ya makao yake ya kawaida. Kwa hiyo jamaa iliyokimbia ina haki mbili: kukaa ilipofika, na kurudi ilikotoka. Hakuna chefu anayeweza kuichagulia. Lakini kifungu hicho hakimpi mkimbizi shamba la mtu. Shamba linazungumzwa na wenye nalo, mbele ya mashahidi, kwa muda unaotajwa, na ni vizuri liandikwe. Storms na Mpala hawakuandika ni watu wangapi watakuja wala watalima wapi, na wajukuu wao walibishana juu ya jambo hilo muda mrefu.

Machefu mnaonisikiliza, mkiwa na daftari ya kijiji, anzeni kwa kuandika majina ya waliofika, pamoja na vijiji walikotoka. Watoto wengi wa boma la Mpala walipoteza habari za vijiji vyao, na leo ni vigumu kuwaambia wajukuu wao njia ya kurudi.