Mwalimu aliyegoma kuchanga randi 5

Wiki hii nimesoma habari za mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, Benedict Daswa, nikaona nisikae nazo peke yangu.

Alizaliwa 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, huko Venda, kaskazini kabisa ya nchi ile. Alibatizwa mwaka 1963 akiwa na miaka 16, akasomea ualimu, na mwaka 1979 akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Nweli. Alikuwa pia katekista. Alijenga nyumba ya matofali, akanunua gari, bustani yake ikastawi. Basi minong'ono ikaanza: huyu analimiwa na misukule! (Kumbe si kwetu tu.) Hata mpira aligombana nao. Timu aliyokuwa nayo ilipotaka kutumia dawa, ile kazi ambayo kwetu hufanywa na "kamati ya ufundi", akajitoa akaanzisha nyingine.

Januari 1990 zilinyesha mvua kubwa za radi, na tarehe 25 radi ikaunguza nyumba kijijini. Tarehe 28 kikaitishwa kikao: kila mmoja atoe randi 5, aendewe mganga amtaje mchawi aliyetuma radi. Daswa alifika amechelewa, jambo limeshapitishwa. Akawaambia radi ni kitu cha asili, na kwamba akitajwa mtu, atauawa asiye na kosa. Imani yake haimruhusu, hatoi.

Nimeshakaa kwenye vikao vya vijiji na daftari langu. Kugoma mchango mbele ya wazee na majirani si mchezo. Angeweza kutoa kimyakimya akaenda zake kulala, wangapi tungefanya hivyo?

Tarehe 2 Februari 1990, siku ileile Rais de Klerk alipotangaza bungeni kuifungulia ANC, Daswa alikuwa anarudi nyumbani jioni kwa gari lake. Akakuta njia imezibwa kwa magogo. Aliposhuka kuyaondoa, mawe yakamnyeshea. Akakimbia akivuja damu, akajificha katika jiko la mama mmoja. Kundi likamtishia yule mama. Daswa akatoka mwenyewe. Wakampiga rungu la kichwa, kisha wakammwagia maji ya moto. Kesi ilifia njiani kwa kukosa ushahidi.

Nikisoma haya nawakumbuka vikongwe wa Usukumani waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho ya moshi wa kuni. Nao walitajwa na mpiga ramli fulani, na ramli ile kuna watu waliilipia.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Daswa Mwenye Heri na shahidi tarehe 13 Septemba 2015, karibu na Thohoyandou, mbele ya maelfu ya watu. Watoto wake ni wanane. Wa mwisho alizaliwa baba akiwa ameshazikwa.