Korntal: Mji mdogo wa Ujerumani alikostaafu Krapf

WANAFUNZI wa historia humfahamu Johann Ludwig Krapf kama mmishenari aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, na Johannes Rebmann kama Mzungu wa kwanza kuleta habari za theluji ya Kilimanjaro. Ni nadra kutajwa walikozikwa. Wote wawili wamelala katika makaburi ya zamani ya Korntal, mji mdogo ulioko chini ya kilomita kumi kutoka kitovu cha Stuttgart, kusini magharibi mwa Ujerumani.

Mji huo si wa kale kwa kipimo cha Ulaya. Ulianza mwaka wa 1819 katika ufalme wa Württemberg, na ulianzishwa kwa sababu ya njaa na ugomvi wa kidini.

Mlima wa volkano wa Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka mwaka wa 1815, na majivu yake yakapunguza joto la jua katika sehemu kubwa ya dunia. Mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Ngano iliozea mashambani na bei ya mkate ikapanda kupita kiasi. Maelfu ya watu wa Württemberg wakafunga virago kuelekea Urusi na Amerika.

Miongoni mwa waliohama walikuwamo Wapietisti, yaani Waluteri wachamungu waliozoea kukusanyika majumbani kusoma Biblia na kuomba. Hao hawakusukumwa na njaa pekee. Mwaka wa 1809 serikali ilikuwa imeleta utaratibu mpya wa ibada ambao, machoni mwao, uliipunguza imani na kuitukuza akili ya binadamu. Waliokataa kuufuata walitozwa faini, na wengine wakatiwa ndani.

Hapo ndipo alipojitokeza Gottlieb Wilhelm Hoffmann, meya wa mji wa Leonberg. Mwaka wa 1817 alimwandikia Mfalme Wilhelm wa Kwanza na kumweleza kwamba watu hao wangebaki nchini iwapo wangeruhusiwa kuwa na makazi yao, wakiabudu watakavyo. Hoja ya Hoffmann ilikuwa ya kimfuko kuliko ya kiroho: raia wachapa kazi wanaolipa kodi walikuwa wakiipa nchi mgongo. Mfalme, aliyekuwa ndio kwanza ametwaa kiti, alikubali.

Wapietisti wakanunua shamba la Korntal kutoka kwa kabaila mmoja, na mnamo Agosti 1819 wakapewa hati ya kifalme. Wangelipa kodi na kutii sheria za nchi, lakini kanisa la serikali lisingekuwa na amri juu yao. Ukumbi wao wa ibada, ambao hadi leo huitwa Ukumbi Mkuu, ulifunguliwa tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Jumba la kabaila likageuzwa kuwa nyumba ya wageni.

Kwa muda wa karne moja Korntal ilikuwa mji na usharika kwa pamoja. Asiyekuwa mwanachama wa Usharika wa Ndugu hakuweza kujinunulia nyumba wala kiwanja, na mwenendo wa kila mkazi ulikuwa jambo la wote. Zamani, wanaume waliketi upande mmoja wa ukumbi na wanawake upande mwingine.

Wengi wao waliamini kwamba mwisho wa dunia ulikuwa karibu. Mwanatheolojia Johann Albrecht Bengel, aliyefariki mwaka wa 1752, alikuwa amepiga hesabu kutoka katika Biblia na kuutaja mwaka wa 1836. Mwaka huo ulifika na ukapita, na watu wa Korntal wakaendelea kulima. Inastaajabisha kwamba watu waliongojea kiyama kwa hamu namna hiyo walijenga kwa ajili ya siku za mbele: shule ya Kilatini, shule ya bweni ya wasichana na, kuanzia mwaka wa 1823, makao ya watoto mayatima na maskini. Mwaka wa 1824 walianzisha pia kijiji cha pili, Wilhelmsdorf, katika ardhi ya kinamasi waliyopewa na mfalme, na mzigo wa madeni ya kijiji hicho ukawaelemea kwa miaka mingi.

Wana wa Hoffmann hawakukaa kimya nyumbani. Wilhelm alikuwa mkuu wa Misheni ya Basel kuanzia mwaka wa 1839. Mdogo wake, Christoph, alitofautiana na kanisa na akaanzisha jamii ya Watempla, ambao mwaka wa 1868 walikwenda kujenga mtaa wa Wajerumani huko Haifa.

Uhusiano huo na kazi ya umisheni ndio uliomfanya Krapf kuhamia Korntal katika miaka ya 1850. Alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen, na kusomea Basel, lakini aliajiriwa na shirika la CMS la Uingereza. Alikuwa amempoteza mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka wa 1844, akafungua kituo cha Rabai pamoja na Rebmann mwaka wa 1846, na akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka wa 1849. Afya ilipomshinda alirejea kwao. Kitabu chake cha safari za Afrika Mashariki, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1858, kina jina la Korntal katika ukurasa wake wa mbele.

Humo humo ndimo alimoendelea na kazi ya kamusi. Maneno aliyoyakusanya yalikuwa hasa ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, aliyoyasikia kwa wenyeji waliomvumilia na maswali yake. Usanifishaji ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi, kamusi ya Krapf ilibaki kuwa ghala la maneno ya Mombasa ambayo vitabu vingine viliyaacha.

Rebmann alikuja baadaye. Alikuwa mzaliwa wa Gerlingen, mji jirani, lakini alikaa pwani ya Afrika Mashariki miaka 29 na kurejea Ulaya mwaka wa 1875 akiwa kipofu. Aliyemshika mkono katika safari hiyo alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Marafiki hao wawili wakawa majirani tena, ila kwa muda mfupi tu, kwani Rebmann alifariki Oktoba 1876. Krapf alikutwa amekufa kando ya kitanda chake Novemba 1881, akiwa amepiga magoti. Kamusi yake ilitoka London mwaka wa 1882, hakuiona.

Wakati huo Korntal ilikuwa imekwisha kupata reli, iliyofika mwaka wa 1868. Mlango wa mji ulifunguliwa kabisa mwaka wa 1919, baada ya ufalme kuanguka na katiba mpya ya Ujerumani kuondoa haki za pekee za usharika. Tangu hapo mtu yeyote aliweza kuhamia. Wakimbizi kutoka mashariki walifuata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka wa 1975 Korntal iliunganishwa na jirani yake Münchingen. Leo miji hiyo pamoja ina wakazi wapatao 20,000.

Maisha ya kila siku ni ya mji ulio pembeni mwa jiji kubwa. Asubuhi wafanyakazi hupanda garimoshi la S6, ambalo kituo chake kinachofuata kiko karibu na kiwanda cha magari cha Porsche. Jumapili maduka hufungwa, kama kwingineko Ujerumani. Katika majengo ya ghorofa bado kuna desturi ya Waswabia iitwayo wiki ya kufagia, ambapo wapangaji hupokezana zamu ya kusafisha ngazi na njia ya mbele ya nyumba. Anayekwepa zamu yake husemwa na majirani. Chakula cha eneo hilo ni Maultaschen, vifuko vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama na mboga. Waswabia hutaniana kwamba vilibuniwa ili Mungu asiione nyama wakati wa Kwaresima.

Lakini mji huo umelazimika kutazama upande mwingine wa historia yake. Mwaka wa 2014 mtu aliyelelewa katika makao ya watoto ya usharika alijitokeza hadharani na kueleza aliyotendewa utotoni. Wengine wakamfuata. Usharika ulivutana nao kwa miaka kadhaa kuhusu nani afanye uchunguzi na kwa njia gani. Ripoti ya wachunguzi wa nje, iliyotolewa Juni 2018, ilieleza vipigo, udhalilishaji na unajisi uliotendeka hasa kati ya miaka ya 1950 na 1980, Korntal na Wilhelmsdorf. Usharika uliomba radhi na kuwalipa fedha waathiriwa, ambao baadhi yao walisema kiasi hicho hakitoshi. Sehemu ya makao yaliyochunguzwa ilikuwa na jina la Hoffmann mwenyewe. Mwaka uliofuata mji ulitimiza miaka 200.