PF3 na Saa 24: Haki za Majeruhi na Mahabusu wa Ngorongoro

Familia za Kimasai zilizokuwa zikiishi ndani ya Kreta ya Ngorongoro zilipoondolewa kwa nguvu mwaka 1974, hazikuwa na haki ya kikatiba ya kuipeleka mahakamani. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitekeleza Machi 1988. Tangu hapo sheria inakataza kutesa watu, inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na inamruhusu kuwasiliana na wakili na ndugu zake akiwa kituoni. Kwa hiyo aliyejeruhiwa au kukamatwa Loliondo mwaka 2022 alikuwa na sheria ambazo mzee wa 1974 hakuwa nazo. Mbona basi hali zao zilifanana sana? Jibu langu ni kwamba tulitunga haki, lakini milango ya kuzifikia tukaiacha mikononi mwa vyombo vilevile vinavyolalamikiwa.

Juni 2022 askari walifika Loliondo, wilayani Ngorongoro, kuweka vigingi katika eneo la kilometa za mraba 1,500 ambalo serikali ilitaka litengwe kwa ajili ya wanyamapori. Wananchi walipinga, na tarehe 10 risasi zikapigwa. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walitaja majeruhi wapatao 30. Askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale. Majeruhi wengi walivuka mpaka kutibiwa Kenya, ingawa Hospitali ya Wasso ilikuwa jirani. Sababu haiko mbali. Mwenye jeraha la risasi huulizwa PF3, na PF3 hutolewa na polisi. Fomu hiyo si dawa wala kibali cha kuugua. Ni karatasi ya ushahidi. Lakini kwa mazoea yetu imegeuka kuwa tiketi ya kuingilia wodini, na aliyepigwa risasi na askari analazimika kwenda kuiomba kwa askari, akijua kwamba huenda akabaki hukohuko akiwa mshukiwa. Akitibiwa ng'ambo anapona, ila kumbukumbu ya jeraha lake inabaki nchi nyingine, na serikali ikisema hakuna raia aliyeumia inakuwa vigumu kuijibu kwa nyaraka.

Kwa waliokamatwa, mlango ulikuwa aina ya shtaka. Kwa makosa mengi sheria huwapa polisi saa 24: wamfikishe mtu mahakamani au wamwachie kwa dhamana. Kwa kosa lenye adhabu ya kifo, sheria inasema tu afikishwe mapema iwezekanavyo, na dhamana haipo kabisa. Viongozi wa eneo hilo, madiwani wakiwamo, walikamatwa tarehe 9 Juni, siku moja kabla ya askari yule kufa. Hata hivyo waliunganishwa na wengine, jumla watu zaidi ya 20, katika shtaka la mauaji mjini Arusha. Hakimu wa mahakama ya chini hana mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, hivyo mshtakiwa hatakiwi hata kujibu shtaka. Anarudishwa rumande kusubiri upelelezi. Familia zao zilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka hapo, kupitia Ngorongoro na Karatu au Engaresero na Mto wa Mbu.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza: askari aliuawa, na dola haiwezi kunyamaza. Ni kweli, na damu yake inadai upelelezi wa dhati. Upelelezi huo ndio unaodhoofishwa pale aliyekuwa mahabusu tangu jana anaposhtakiwa kwa kifo cha leo. La pili: Mkurugenzi wa Mashtaka aliifuta kesi Novemba 2022, kwa hiyo mfumo ulifanya kazi. Siukubali utetezi huo. Miezi mitano ilikwisha kupita, na kufuta shtaka kwa njia hiyo si kumtangaza mtu hana hatia, kwa kuwa anaweza kushtakiwa upya. La tatu ndilo zito: mahakama zipo, waende. Vijiji vya Loliondo vilikwenda. Baada ya maboma kuchomwa mwaka 2017 vilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, vikapata zuio Septemba 2018. Septemba 2022 shauri likatupwa kwa upungufu wa ushahidi, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaamuru lisikilizwe upya. Miaka sita ilipita wakibishana juu ya ushahidi. Aliyeumia naye akitaka kuishtaki serikali adai fidia, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha athibitishe jeraha ambalo pengine halikuandikwa popote nchini.

Wala mzozo wa nani mwenye ardhi haubadilishi hayo. Hata angekuwa mvamizi, aliyevunjika mfupa ana haki ya kutibiwa, na aliyefungwa pingu ana haki ya wakili. Bunge linaweza kuamua kwamba daktari amtibu majeruhi na kuandika taarifa ya jeraha bila kusubiri polisi, nakala iende kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na kwamba kila mahabusu, hata wa mauaji, aonwe na hakimu ndani ya saa 24. Wabunge wa Karatu na Ngorongoro, ambao wapiga kura wao wanaijua safari ya Arusha, wawe wa kwanza kulipeleka jambo hili bungeni.