Viza ya kuingia mara moja inavyoweza kukuacha bandarini

Leo sina udaku, nina darasa. Kuna kitu kilimpata dada yangu (mtoto wa mama mkubwa, anaishi Uingereza lakini bado ana pasi ya Tanzania) na nimeona nisikae nacho, maana wengi wetu hatukijui.

Dada na wenzake wa kazini walijichanga wakalipia safari ya meli ya kitalii huko Ugiriki. Safari inaanzia Piraeus, ile bandari ya Athens, inapita Mykonos, halafu Kuşadası upande wa Uturuki, ambako watu hushuka kwenda kuona magofu ya Efeso, ile ile ya barua ya Mtume Paulo. Kisha Patmos (ndo Patmo ya kitabu cha Ufunuo), Krete, Santorini, na kurudi Piraeus. Wenzake wana pasi za Uingereza, hawana presha. Yeye akaenda kuomba viza ya Schengen, akapewa. Shangwe! Siku ya safari akafika kaunta ya bandarini, mfanyakazi wa meli akaitazama stika ya viza, akamwambia samahani, wewe hupandi. Wenzake wakapanda. Yeye akabaki na begi lake, na hela haikurudi.

Kosa liko wapi? Kwenye stika ya Schengen kuna sehemu inayoonyesha unaruhusiwa kuingia mara ngapi. Huandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Ya dada ilikuwa 01, na hiyo moja aliitumia aliposhuka kwenye ndege Athens. Meli ikienda Kuşadası umeshatoka Schengen, na ikirudi Patmos unaingia kwa mara ya pili. Haijalishi kwamba ni meli ile ile, chumba kile kile, na mswaki wako umeuacha bafuni.

Kinachochanganya watu ni kwamba Waturuki wenyewe hawana noma. Wana utaratibu wa kuruhusu abiria wa meli watembee mji wa bandari na mikoa ya jirani bila viza, kwa kibali cha pale pale, mradi wasizidishe saa 72. Kwa hiyo watu walimwambia dada, "Uturuki ya meli haina viza." Hawakumdanganya. Tatizo halikuwa kuingia Uturuki, tatizo lilikuwa kurudi Ugiriki.

Mimi nilimuuliza, sasa mbona waliokuzuia ni watu wa meli na siyo uhamiaji? Nikaenda kusoma. Kumbe kwa sheria za mipaka za Schengen, nahodha wa meli ya kitalii au wakala wake anatakiwa kupeleka ratiba na orodha ya abiria angalau saa 24 kabla ya kufika. Na kampuni ikimleta mtu asiye na karatasi sahihi inaweza kupigwa faini na kutakiwa imrudishe yenyewe. Ndo maana wanakukagua kabla hujakanyaga ngazi. Sisi tuliozoea kuona meli za wazungu zikifunga Mombasa au Unguja, watu wanashuka na kofia zao, jioni wameondoka, tunadhani wanaingia tu kama sokoni. Thubutu! Orodha imeshatangulia.

Sasa angalieni hapa. Kama bandari zote za safari ziko ndani ya Schengen, mfano Piraeus, Mykonos, Krete na Santorini peke yake, viza ya 01 inatosha. Kupita baharini tu hakuhesabiwi kama kutoka. Kwa hiyo chukua ratiba ya meli, pitia bandari moja moja. Na usiamini makala za zamani, maana ramani imebadilika: Croatia yenye Dubrovnik iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, lakini Kotor, safari fupi tu kutoka pale, iko Montenegro, na hiyo ni nje. Ukitegemea afisa asahau kugonga muhuri, pole, kwa sababu tangu 12 Oktoba 2025 walianza kuingiza mfumo wa kompyuta wenye alama za vidole na picha ya uso kuchukua nafasi ya mihuri.

Fomu ya maombi ina sehemu ya kuchagua kuingia mara moja, mbili au nyingi. Weka alama kwenye mbili au nyingi, na uambatanishe ratiba ya meli ili waone kwa nini unaomba hivyo. Unaweza kuomba miezi 6 kabla, na isiwe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Ukirudishiwa pasi usiifunge kwa furaha kama dada alivyofanya. Soma stika pale pale dirishani.

Dada alijichanga upya, mwaka uliofuata akaomba tena na akapewa 02. Kuşadası alishuka, Efeso akaiona. Picha ya kwanza aliyonitumia kutoka Patmos haikuwa ya bahari wala kanisa. Ilikuwa ya ile stika, na chini ameandika: "Mdogo wangu, nimeingia mara ya pili."