Wanaosubiri na Wanaojua: Historia ya Hisa za Utafutaji Madini Kanada, 1963–1997

Utangulizi

Mali ya bepari haimo katika mashine, ardhi na fedha peke yake. Imo pia katika habari. Mtu anayejua leo jambo ambalo wenzake watalijua baada ya wiki tatu ana mali mkononi, na anaweza kuiuza. Katika makala haya tunakusudia kulichambua jambo hili kwa kutazama biashara ya hisa za kampuni za kutafuta madini, na wananchi wa kawaida waliotoa akiba zao kisha wakakaa kusubiri matokeo ya uchorongaji.

Mifano yetu inatoka Kanada, kwa sababu masoko ya hisa ya Toronto na Vancouver yalikuwa kwa miaka mingi makao makuu ya biashara hiyo duniani. Mambo hayo hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Katika masoko hayo hayo zilichangwa, miaka ya 1990, fedha za kampuni kadhaa zilizokuja kutafuta dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Sutton Resources ya Vancouver, iliyoshika eneo la Bulyanhulu mpaka ikanunuliwa na Barrick mwaka 1999, ni mfano mmoja.

Kampuni ya utafutaji huuza nini?

Kwanza hatuna budi kuielewa kazi yenyewe. Kampuni ndogo ya utafutaji haina mgodi wala mazao. Ina vitalu, wataalamu wachache, na fedha za kukodi mashine ya kuchoronga. Mashine hiyo hutoboa mwamba na kutoa sampuli ndefu za mviringo, mfano wa mpini wa jembe, ambazo hupangwa katika masanduku kwa kufuata kina zilikotoka. Kwa desturi sampuli hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja hupelekwa maabara kupimwa, na nusu ya pili huhifadhiwa ili mtu mwingine aweze kuja baadaye kuhakikisha. Majibu ya maabara huchukua siku, pengine wiki kadhaa. Mashimo mengi hayana kitu cha maana.

Kwa hiyo bidhaa inayouzwa katika soko la hisa si shaba wala dhahabu. Ni matumaini ya kuipata. Na kati ya siku sampuli inapotoka ardhini na siku majibu yanapotangazwa upo muda. Katika muda huo watu wachache wameuona mwamba kwa macho yao, na maelfu hawajauona. Hapo ndipo mali huhama kutoka mikono mingi kwenda mikono michache.

Timmins 1963: ukimya juu ya utajiri

Timmins ni mji wa kaskazini mwa jimbo la Ontario, uliokua kutokana na migodi ya dhahabu ya Porcupine iliyoanza mwaka 1909. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 migodi hiyo ilikuwa inachoka. Bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa katika dola 35 za Kimarekani kwa aunsi, gharama zilipanda, na wafanyakazi walihofia kesho yao.

Tarehe 8 Novemba 1963 kampuni ya Kimarekani, Texas Gulf Sulphur, ilianza kuchoronga shimo lake la kwanza karibu na mji huo, mahali ambapo vyombo vya kupimia vilivyobebwa na ndege vilikuwa vimeonyesha dalili. Shimo lilisimamishwa tarehe 12 likiwa na kina cha futi 655. Sampuli zilikuwa na shaba na zinki kwa karibu futi 600 mfululizo. Maabara ilipozipima mwezi Desemba iliona vilevile karibu aunsi 4 za fedha katika kila tani. Ilikuwa hazina adimu.

Kampuni iliamua kunyamaza. Rais wake aliagiza siri ifichwe hata kwa wakubwa wengine wa kampuni. Mashine iliondolewa, na shimo likafunikwa kwa miti michanga. Sababu iliyotolewa ni kwamba kampuni ilitaka kwanza kununua ardhi ya jirani kabla wenyeji hawajajua thamani yake. Lakini katika miezi hiyo baadhi ya wakubwa na wataalamu waliokuwa na habari, pamoja na rafiki zao, walinunua hisa za kampuni. Bei mwezi Novemba ilikuwa kama dola 17. Tarehe 12 Aprili 1964, uvumi ulipokwisha kufika magazetini New York, kampuni ilitoa taarifa ya kuupoza. Siku nne baadaye, tarehe 16, ilitangaza kuwa imepata tani zisizopungua milioni 25. Katikati ya Mei hisa moja ilikuwa imefika dola 58.

Nani alipoteza hapa? Ni yule aliyeuza hisa yake kwa dola 18 au 20 katika miezi ile, hali aliyeinunua alijua kilichomo katika masanduku. Serikali ya Marekani ilifungua kesi, na mwaka 1968 mahakama ya rufani ya New York iliweka kanuni inayotajwa mpaka leo: mwenye habari nzito ya ndani ama aitangaze, ama asinunue wala kuuza.

Windfall 1964: ukimya juu ya utupu

Baada ya tangazo la Aprili, Timmins iligeuka soko. Wachimba migodi, wenye maduka na watu wa kazi za mshahara walinunua hisa za kampuni yoyote iliyokuwa na kitalu jirani na ugunduzi ule. Moja ya kampuni hizo ilikuwa Windfall Oils and Mines, ya George na Viola MacMillan. Viola hakuwa mgeni wala tapeli wa mitaani. Alikuwa ameongoza chama cha watafutaji madini cha Kanada kwa miaka ishirini. Watu walimwamini.

Windfall ilianza kuchoronga tarehe 1 Julai 1964. Baada ya siku chache tu mashine ikasimamishwa. Katika mazingira yale kusimama kwa mashine kulitafsiriwa kuwa ishara: wameipata, wanaficha kama wenzao walivyoficha. Hisa iliyokuwa haijafika senti 60 ilipanda, na mwezi huo huo ikagusa dola 5 na senti 70. Sampuli zilikuwepo. Maabara zilikuwepo. Lakini majibu hayakutolewa wiki baada ya wiki, na taarifa za kampuni zilikuwa za maneno yasiyokata shauri. Mwisho wa Julai ilitangazwa kwamba shimo halina madini ya maana. Kwa siku moja bei ilianguka chini ya dola 1.

Wakati watu wakisubiri, akina MacMillan walikuwa wameuza hisa na kupata faida iliyozidi dola milioni 1. Tume ya Kifalme chini ya Jaji Arthur Kelly ilichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwaka 1965. Bunge la Ontario likapitisha sheria mpya ya hisa mwaka 1966, iliyowalazimisha wakubwa wa kampuni kueleza biashara yao katika hisa za kampuni zao wenyewe. Hata hivyo, shitaka la udanganyifu juu ya Windfall lilishindwa mahakamani. Kifungo alichopata Viola mwaka 1967, ambacho alikitumikia kwa wiki chache tu, kilihusu hisa za kampuni nyingine. Mwaka 1978 alisamehewa, na mwaka 1993 akapewa nishani ya taifa. Waliopoteza akiba zao hawakurudishiwa.

Tutazame jinsi matukio haya mawili yanavyofungamana. Katika la kwanza ukimya ulificha utajiri, na aliyeumia ni muuzaji. Katika la pili ukimya ulificha utupu, na aliyeumia ni mnunuzi. Tena tukio la kwanza ndilo lililowafundisha watu kuuamini ukimya wa la pili.

Busang 1997: maneno mengi, dhahabu hakuna

Sheria iliwataka wakubwa waseme. Miaka thelathini baadaye ikaja kampuni iliyosema sana. Bre-X, ya Calgary, ilipata haki ya kutafuta dhahabu Busang, Kalimantan Mashariki, nchini Indonesia, mwaka 1993. Matokeo ya uchorongaji yalitangazwa mfululizo, na kila tangazo lilizidi la kabla yake. Kufikia mapema mwaka 1997 kampuni ilidai kuwa na dhahabu ya aunsi karibu milioni 71. Hisa zilizoanza zikiuzwa kwa senti zilikuwa zimefanya kampuni nzima ithaminiwe kwa zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada. Waliozishika walikuwa matajiri, lakini walikuwemo pia wakazi wa mji mdogo wa St. Paul katika Alberta, na mifuko ya pensheni ya walimu na wafanyakazi wengine.

Jambo moja lilipaswa kuwashtua wataalamu. Bre-X haikupasua sampuli na kuhifadhi nusu. Ilisaga karibu sampuli yote. Kwa hiyo hakikubaki kitu cha kuhakikishia. Tarehe 19 Machi 1997 mtaalamu wake mkuu wa miamba, Michael de Guzman, alianguka kutoka helikopta juu ya msitu wa Kalimantan. Tarehe 26 kampuni ya Freeport, iliyokuja kuchoronga mashimo yake pembeni ya yale ya awali, ilisema dhahabu iliyoonekana ni kidogo mno. Mwezi Mei wakaguzi huru wa Strathcona walithibitisha kwamba dhahabu ilichanganywa katika sampuli baada ya kutoka ardhini.

Hakuna mtu aliyefungwa. Rais wa kampuni, David Walsh, alifariki mwaka 1998. Mkuu wa utafutaji, John Felderhof, aliyekuwa ameuza hisa za mamilioni ya dola, aliachiwa huru mwaka 2007. Kanada ikaongeza kanuni nyingine mwaka 2001: matokeo ya uchorongaji lazima yasimamiwe na mtaalamu mwenye sifa, anayetajwa kwa jina na kuwajibika.

Mwekezaji mdogo ni nani?

Wapo watakaosema kuwa wanunuzi hawa walikuwa walafi, na mlafi hastahili huruma. Hoja hii inaona nusu tu ya ukweli. Ni kweli kwamba kila mmoja wao alitumaini kupata bila kufanya kazi. Lakini tuulize akiba ile ilitoka wapi. Ilitoka katika mshahara wa mchimbaji wa Timmins na makato ya pensheni ya mwalimu wa Ontario. Ni jasho lililokwisha kutoka. Mtu huyu hubaki mfanyakazi, ila kwa majuma machache huota ndoto za bepari, na ndoto hiyo ndiyo inayomkabidhi kwa wenye habari.

Wengine watasema kwamba bila fedha za wananchi hakuna atakayetafuta madini, kwa kuwa mashimo mengi ni matupu na lazima pawepo mtu wa kubeba hasara. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo itofautishwe fedha inayokwenda kwenye mashine na fedha inayokwenda kwa muuzaji wa hisa. Aliyenunua Windfall kwa dola 5 kutoka mikononi mwa mwenye hisa mwingine hakuchoronga hata futi moja. Alimlipa yule aliyekuwa anatoka. Na hazina kubwa ya Timmins ilipatikana kwa fedha za kampuni kubwa, si kwa senti za waliokuwa wakisubiri.

Hitimisho

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika historia hii kisu ni habari. Kanuni ya mwaka 1968, sheria ya mwaka 1966 na kanuni ya mwaka 2001 zote zilikuwa hatua za maana, na kila moja iliandikwa baada ya wanyonge kulipa. Lakini kila moja iliziba njia iliyokwisha kutumika. Chanzo kilibaki pale pale: anayesubiri hana mwamba mkononi.

Kwa hiyo kada au mwanafunzi anapoelezwa habari za kampuni ya madini, popote pale, asianze kwa kuuliza bei ya hisa. Aulize maswali manne. Sampuli ziko wapi? Nani amezipima, na nusu nyingine imehifadhiwa na nani? Nani ameshajua majibu kabla yetu? Na wakati sisi tunasubiri, wao wananunua au wanauza? Pasipo majibu ya maswali hayo, subira haivuti heri. Huvuta akiba ya mnyonge tu.