Mama yake "works hardly"

Najua nimekuwa kimya wiki mbili hivi, sijawasusa jamani. Test zimefuatana kama siafu na bumu limechelewa, hata hela ya vocha shida. Leo nimeshinda maktaba kwa sababu ya neno moja tu.

Kwenye TP nilipewa Form Three. Siku moja nikawaambia waandike sentensi kuhusu mzazi, binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama kusoma yake: "My mother works hardly." Mama yake anakaanga vitumbua, anaamka saa kumi usiku. Mimi kwa kujifanya mjuzi nikamwambia, "Hapo umesema mama yako hafanyi kazi, anagusa gusa tu." Darasa zima likaangua kicheko. Yule binti akauliza taratibu, "Sir, mbona quick inakuwa quickly, kwa nini hard isiwe hardly?" Nikajibu Kiingereza ndivyo kilivyo. Akakaa. Mpaka TP inaisha hakunyoosha mkono tena.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Zamani sana, kabla hata ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Waingereza walikuwa na kivumishi heard, yaani -gumu. Wakitaka kielezi waliongeza e tu mwishoni: hearde. Njia ya pili ilikuwa kuongeza -lice, ambayo ndiyo bibi yake -ly ya leo: heardlice. Kwa hiyo mzizi mmoja ulizaa vielezi viwili, na vyote vilikuwa halali kabisa.

Baadaye ile e ya mwisho ikaanza kumezwa midomoni. Kufika miaka ya 1400 ilikuwa haitamkwi tena, hearde ikabaki hard, ikafanana na kivumishi chake kama pacha. Fast nayo yalimkuta hayo hayo. Kumbe hard siyo mkorofi anayevunja sheria kama tunavyokaririshwa kwenye madesa! Ni kielezi kilichokatika mkia.

Hardly yeye akaendelea na safari yake. Mwanzoni alikuwa na maana ya kwa nguvu, kwa ujasiri, tena kwa ukali. Miaka ya 1500 akawa anamaanisha kwa shida. Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko kamusi, maana ukimwambia mtu "siku hizi tunaonana kwa shida", yeye anaelewa kwamba hamwonani, au karibu hamwonani. Kinachofanyika kwa shida kiko hatua moja tu na kisichofanyika. Hardly akavuka hiyo hatua, akaganda huko mpaka leo, ndiyo maana hatumwekei not: ukanusho anao mwenyewe tumboni.

Wenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 fungueni Matayo 19:23, pale kwenye habari ya tajiri na ufalme wa mbinguni. Mtakuta hardly, na maana yake pale ni kwa shida. Msomaji wa leo anaweza kudhani tajiri karibu haingii kabisa. Walipoisahihisha tafsiri hiyo mwaka 1881 waliliondoa, wakaweka hard.

Kwa hiyo yule binti alikosea kwa Kiingereza cha mtihani, hilo sibishi, NECTA hawatampa maksi kwa kuandika kama watu wa zamani. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu lote la siku ile, na jibu lilikuwepo. Mimi ndiye nilikuwa sijui, nikajificha nyuma ya kicheko cha wenzake. Hiyo imenikaa rohoni kweli.

(Late na lately ni ukoo huo huo, nitawaletea siku nyingine.)

Ijumaa narudi kule kufuata fomu yangu ya tathmini. Nimeshamwomba mwalimu wa darasa anipe dakika kumi na Form Three. Mdau yeyote anayeelekea njia hiyo anistue, nauli ya kurudi sina.