Kidole Kwenye Tundu la Plagi

Wazee bado wanaiita Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja kwenye mto Nzoia. Mjomba alikuwa fundi hapa enzi za Peugeot 504, ile iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975.

Kufunga injini upya hakukumtisha. Distributa ndiyo aliiheshimu. Krenki ikizunguka mara mbili, rota huzunguka mara moja tu. Kwa hivyo pistoni namba moja hufika juu mara mbili, ila cheche inatakiwa mara moja, petroli na hewa zikiwa zimebanwa. Alama ya kwenye puli haikwambii ni ipi. Kidole ndicho kinajua.

“Ziba hapo kwa kidole. Ukisukumwa, sema,” aliniambia, akizungusha krenki kwa spana. Alama zikapatana. Sikuwa nimesikia kitu, lakini mwenye gari alikuwa amesimama pale na saa yake, nikasema, “Tayari, Mjomba.” Akaelekeza rota kwa waya wa namba moja, akapanga zingine: tatu, nne, mbili.

Alipopiga stata, kabureta ikatema moto. Ikamchoma nyusi. Hakuniuliza chochote. Alichomoa distributa, akanirudishia kidole pale pale.